Nani kaingia usiku mara ngapi

Kwa miaka sita ya mwanzo ya kazi yangu, Jumapili jioni ilikuwa siku ya tumbo kuniuma. Sio ugonjwa, ni rosta. Inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi, alikuwa anaibandika ukutani Jumapili saa 12 jioni, rosta ya wiki inayoanza Jumatatu yaani kesho yake asubuhi, na kama haupo zamu unasubiri mtu aipige picha aitupie kwenye grupu la WhatsApp, alafu unaikuza ile picha kwa vidole unatafuta jina lako huku unaomba Mungu usikute N. Manesi wote mnaijua hiyo herufi, ni N ya night, zamu ya usiku. Ukikuta N N N N N N N, saba zote zimejipanga, unaanza kupiga simu kwa mama mkwe, kwa dada wa kazi, kwa jirani, nani atalala na watoto wiki nzima na masaa yamebaki machache.

Naandika haya kwa sababu juzi nesi mwenzangu wa hospitali nyingine aliniuliza nyie mlifanyaje mpaka rosta yenu inatoka wiki mbili kabla, nikamjibu kwa meseji tatu nne nikaona bado sijamwambia kitu. Basi naandika yote hapa, na wengine wasome.

Mi nipo wodi ya wazazi, hospitali binafsi huku mkoani, Tanzania, jina nitaliacha. Huu ni mwaka wangu wa 11. Zamu zetu zilikuwa tatu, asubuhi saa 1:30 hadi saa 8 mchana, jioni saa 8 hadi saa 2 usiku, na usiku saa 2 hadi saa 2 asubuhi. Ya asubuhi na ya jioni ni fupi, ila usiku ndo saa 12 kamili, na usiku tulikuwa tunaingia saba mfululizo alafu unapewa ofu tatu. Piga hesabu, 12 mara 7 ni 84. Saa 84 ndani ya siku saba, na ofu ya kwanza kati ya zile tatu ni ileile siku unayotoka asubuhi ukiwa umeshakesha, unaimaliza yote kwa usingizi, kwa hiyo ofu ya kweli ni mbili.

Kuna usiku sitausahau. Ilikuwa wa saba, kama saa 10 alfajiri, tulikuwa wawili wodi nzima na mwenzangu alikuwa leba na mama anayesukuma. Nimeandaa sindano nimefika kitandani kwa mama aliyefanyiwa upasuaji, nimemshika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, mbona hiyo nimeshachomwa sasa hivi na yule mwenzako?" Nikarudi kwenye faili. Nilisoma ule mstari mara mbili sikuelewa nilichokisoma, mara ya tatu ndo nikaiona saini ya mwenzangu iko pale, dawa imeshatolewa. Yule mama asingekuwa macho ningemchoma mara ya pili. Nilienda chumba cha dawa nikakaa chini nikalia, alafu nikanawa uso nikarudi wodini kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Kile kitengo cha Shirika la Afya Duniani kinachotafiti saratani, IARC, toka mwaka 2007 kimeiweka kazi ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na mwaka 2019 wakaangalia upya wakaiacha palepale. Mi hiyo nimeijua baadaye sana. Usiku ule nilichokuwa najua ni kwamba nimechoka kiasi cha kutoelewa mwandiko wa kawaida, na mbele yangu kuna mtu.

Ila niseme ukweli, kuchoka peke yake tusingelalamika vile. Kilichokuwa kinatuuma ni kwamba hatuchoki sawa. Kuna majina yalikuwa hayaonekani usiku miezi na miezi. Na kuna majina, la kwangu likiwemo, kila baada ya wiki mbili yapo. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, fulani ni mtu wake, fulani anamletea zawadi, fulani wanasali pamoja, na wodi ikawa ya minong'ono tu, watu wanapokezana ripoti bila kuangaliana usoni.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yule inchaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na manesi 14 kwenye wodi ambayo ikiwa na 18 ndo unapumua, na kila Jumapili anakaa na penseli na kifutio anajaribu kujaza matundu. Sasa mtu mwenye matundu ya kujaza na hana kanuni yoyote ya kumwongoza atajaza pale penye kelele ndogo. Akimpanga fulani usiku anajua simu itapigwa mpaka kwa metroni, mkuu wa manesi wote, akimpanga binti mpya aliyeajiriwa mwezi uliopita atasema "sawa sista." Kwa hiyo usiku unawaangukia wageni, wapole, ambao hawajaolewa ("we si huna mtoto bwana"), na wenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja wanaoogopa kutoongezewa. Hata angekaa malaika kwenye ile meza ya inchaji, bila kanuni ingekuwa hivohivo, na ndo maana nikisikia mtu anasema tatizo lenu inchaji, mbadilisheni tu, nakataa. Sisi walibadilishwa wawili na N zikabaki kwa watu walewale.

Mwaka 2021 alikuja kiongozi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, akaongea na sisi kwenye chumba cha chai kama dakika 40. Swali la kwanza alilouliza, nani hapa anajua sheria inaruhusu saa ngapi kwa wiki? Kimya. Watu wazima, wengine tuna diploma, wengine digrii, kimya kabisa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na siku za kazi zisizidi sita. Ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne na inalipwa mara moja na nusu. Ukimaliza kazi leo mpaka uanze tena lazima zipite saa 12 za kupumzika. Unaweza ukafanya saa 12 kwa siku bila kuhesabiwa ovataimu, ila pawe na makubaliano ya maandishi, na hapo siku zisizidi tano kwa wiki na ile 45 ibaki palepale. Sisi makubaliano ya maandishi hatukuwa nayo. Tulikuwa na mazoea tu. Tukaanza kuhesabu vitu ambavyo hatujawahi kuhesabu, kwa mfano ile jioni-asubuhi: zamu ya jioni inaisha saa 2 usiku lakini ukimaliza kukabidhi ripoti ni saa 2:45, alafu kesho saa 1:30 asubuhi unatakiwa uwe umevaa gauni na kofia, hapo katikati ni saa 10 na dakika 45, na bado hujahesabu daladala na kupika na kulala.

Na posho ya usiku nayo. Sheria inasema kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi unaongezwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Chukua nesi wa 585,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya sheria mwezi una kama saa 195, kwa hiyo saa moja yake ni 3,000, asilimia 5 ni 150, mara saa 10 ni 1,500. Shilingi elfu moja na mia tano kwa kukesha. Kwetu bodaboda ya kunitoa nyumbani kwenda kazini muda ule ni 2,000. Sheria imeweka kima cha chini na kima cha chini ndo hicho, ukitaka zaidi ya hapo unaenda kuzungumza na mwajiri, na unaenda kama kundi kwa sababu ukienda peke yako utaambiwa milango iko wazi.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, sisi kugoma kwa kawaida hatuwezi. Sheria imetaja huduma za afya na maabara zake kuwa huduma muhimu, tumewekwa pamoja na maji, umeme, zimamoto na waongoza ndege. Na mi naona ni sawa, nani atamwacha mama leba aende kushika bango? Lakini maana yake ni kwamba mwenzako wa kiwandani ana njia mbili na wewe una moja, yaani mkataba wa hali bora, ule ambao chama na mwajiri wanakaa mezani wanasaini, na mkishindwana mnaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ndo maana nesi akiniambia mambo ya vyama hayanihusu huwa nasikitika kabisa. Yanakuhusu wewe kuliko wote.

Tukaanza kujaza fomu za TUF 6, zile za kukubali kukatwa ada. Sheria inataka chama kiwe na wengi kwenye lile eneo la majadiliano, yaani kundi la wafanyakazi kitakalowasemea, ndo mwajiri akitambue, kwa hiyo hapa ni kazi ya kwenda mtu kwa mtu, na waliokuwa wagumu zaidi sio wale waliopendelewa, hapana, ni wale walioumizwa, maana wanaogopa. Binti mmoja aliniambia, "dada mi nimeshazoea, usije ukanipotezea kibarua." Tulichukua miezi mitano. Tulipotambuliwa tukapata kitu ambacho mi nakiona ndo kimefanya kazi kubwa kuliko maneno yote tuliyoongea mezani: mwajiri akishakitambua chama, anatakiwa akipe taarifa zinazohusika na majadiliano. Tukaomba rosta za miezi sita iliyopita. Tukapewa, nakala, zimepigwa mihuri.

Tulikaa nyumbani kwangu Jumamosi moja watu wanne na daftari la mistari tukaanza kuhesabu N. Jina, mstari, N ngapi, sikukuu ngapi, jioni-asubuhi ngapi. Tulidhani tutamaliza kwa saa moja tukamaliza usiku. Na ilitushangaza hata sisi. Yule ambaye minong'ono yote ilikuwa inamsema kwamba haingii usiku, alikuwa ameingia nyingi tu, ila wodi nyingine walipokuwa wanamwazima. Na aliyebeba nyingi kuliko wote alikuwa dada mmoja mtu mzima, mjane, ambaye hajawahi kulalamika hata siku moja na hakuna mtu aliyewahi kumtaja. Niliona aibu. Tulikuwa tunagombana kwa kukisia miaka yote hiyo na karatasi zipo kwenye kabati.

Majadiliano yenyewe sitayaeleza sana, vikao vilikuwa vingi, vingine vya kupoteza muda, afisa utumishi anakuja bila mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Jambo moja niseme, metroni alikuwa upande wa mwajiri pale mezani lakini tulipoliweka lile daftari mbele yake alilisoma kimya muda mrefu, alafu akasema mi mwenyewe nilikuwa nesi wa wodi, tuandike kitu. Tulisaini mkataba mwaka 2022, nakala ikapelekwa kwa Kamishna wa Kazi, na kuanzia hapo unawabana wote kwenye lile eneo, hata wasio wanachama.

Sasa kilichoandikwa. Rosta inatoka siku 14 kabla, ya wiki nne nne, na ikishabandikwa inchaji haibadilishi bila mhusika kukubali. Shirika la Kazi Duniani lilishasema hilo kwenye pendekezo lake namba 157 la mwaka 1977 la wauguzi, kwamba wapewe ratiba mapema ili waweze kupanga maisha yao na familia zao, na miaka yote hiyo mi nilikuwa napigiwa picha Jumapili. Usiku ni nne mfululizo mwisho. Hiyo nne hatukuiokota tu, saa 12 ukitoa saa moja ya chakula ni 11, mara nne ni 44, inaingia kwenye 45. Baada ya hapo saa 48 za kupumzika zinazoanza kuhesabiwa ukishakabidhi ripoti. Jioni-asubuhi imefutwa. Posho ya usiku imeacha kuwa asilimia, ni kiasi kimoja kwa usiku mmoja kwa kila nesi, haijawa nyingi ila nauli inatoka na chai inatoka.

Na lile daftari likaingia kwenye mkataba. Kila wodi ina jedwali ukutani linaloonyesha kila mtu ameingia usiku mara ngapi toka Januari, na inchaji anapopanga anaanza na mwenye chache. Hiki kifungu kimoja kimeua minongono yote. Mtu akihisi kaonewa anaenda ukutani anahesabu, anakuta kweli au anakuta sio kweli, yamekwisha.

Sikukuu zilitutesa. Kwetu toka zamani Waislamu tunawashikia Wakristo Krismasi na Pasaka, wao wanatushikia Idd, huo ni undugu na haukuhitaji mkataba. Tatizo rosta ya wiki mbili kabla haijui mwezi utaandama lini! Mwaka wa kwanza tulipangwa tarehe moja, mwezi ukaandama siku nyingine, mi nikaswali Idd na gauni la kazi nikakimbilia wodini. Tukarekebisha, sasa zile siku mbili zote zinazowezekana zinawekewa alama na majina ya kushika yapo tayari. Na ukifanya kazi sikukuu ya kitaifa malipo mara mbili, hiyo ni sheria, ila aliyefanya Krismasi mwaka huu mwakani haipati, hiyo ni ya kwetu.

Palipotushinda mpaka watu wakanyanyuka kwenye viti ni suala la wanaonyonyesha. Angalia sheria ilivyo. Likizo ya uzazi siku 84, unaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe, ukitoa hizo 28 zinabaki 56, wiki nane. Sheria inakukinga usipangiwe usiku miezi miwili baada ya kujifungua. Kwa hiyo kinga inaishia karibu palepale unaporudi kazini! Inakukinga ukiwa nyumbani. Kuna saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha, lakini saa 8 ya usiku unaenda wapi? Na sisi haohao ndo tunawafundisha akina mama kila siku pale wodini, miezi sita maziwa ya mama tu, hata maji usimpe.

Tulitaka iandikwe kwamba mwenye mtoto chini ya miezi sita asiingie usiku mpaka atake mwenyewe. Waliopinga hawakuwa mwajiri. Walikuwa wenzetu, kaka zetu manesi na mabinti wasio na watoto, na hoja yao ilikuwa ya haki kabisa, kwamba wodi ya watu 14 wakijifungua watatu kwa pamoja, zile N zinaenda kwa nani? Tulibishana vikao viwili. Yule dada mjane ndo aliyesimama, akasema, "Mimi wangu wameshakua. Usiku wao nitaushika. Lakini msiniambie nimezoea, mniambie asante, na mniandike." Ikaandikwa hivyo kweli: mama anayenyonyesha hadaiwi zile usiku baadaye, na walioshika kwa niaba yake wanachagua likizo na sikukuu kwanza. Mpaka leo naona ndo kifungu kizuri kuliko vyote, na hakikutoka kwa mwanasheria.

Sio kwamba sasa ni raha. Upungufu uko palepale, mkataba hauzai manesi. Mtu akipiga simu saa 1 usiku mtoto ana degedege, inchaji bado anazunguka anatafuta wa kuziba, na kuna wengine wanaitumia hiyo vibaya, nawajua. Tumeweka orodha ya wanaojitolea kuitwa, wanalipwa ovataimu yao, miezi mingine orodha ina watu wawili. Kubadilishana zamu tunaruhusiwa ila wote wawili wasaini na wawe na uwezo sawa, huwezi kubadilishana na mtu ambaye hajawahi kukaa leba. Na kuna wanaopenda usiku, kaka mmoja anasoma digrii mchana, yeye anaomba N, tunamwachia ila mwisho nne, hata akilia, kwa sababu mgonjwa wake hajali kama alijitolea.

Mkataba unaisha Desemba na tumeshaanza kujiandaa. Safari hii tunataka muda wa kupokezana ripoti. Zile dakika 45 hakuna anayezilipa, hazipo kwenye rosta, ni kama hazipo kabisa, na ripoti ya leba huwezi kuikimbiza, kuna presha za watu, kuna damu inayosubiriwa, kuna mtoto anayehema vibaya. Kwa hiyo toka mwezi uliopita kila anayetoka anaandika saa aliyotoka kweli, kwenye daftari lilelile, ukurasa mpya. Wiki ya kwanza waliandika watano. Jana nimehesabu 12, na kati yao yupo yule binti wa "usije ukanipotezea kibarua", ameandika saa 3:05 usiku na chini yake akapiga mistari miwili.